Binti anataka kusoma saikolojia, mama auze kiwanja?



Injili ya leo, Dominika ya 23 ya Mwaka C, ina mtu anayetaka kujenga mnara (Lk 14:25-33). Yesu anasema mtu wa namna hiyo hukaa kwanza chini akapiga hesabu, asije akaweka msingi, fedha zikamwishia, na wapita njia wakamcheka. Nimeihubiri Injili hii kwa zaidi ya miaka 20, na nakiri kwamba karibu kila mara nimekimbilia maneno ya msalaba nikauacha mnara nyuma. Labda ni kwa sababu mapagale tumeyazoea. Barabara ninayopita kwenda vigangoni ina nyumba nyingi zilizoishia kwenye lenta, mipapai imeota sebuleni, na hakuna anayecheka.

Mwaka huu mnara umenifuata ofisini.

Ilikuwa Jumanne baada ya Misa ya asubuhi. Mama mmoja wa WAWATA, mjane, anayeuza dagaa na unga sokoni, alikuja na binti yake aliyemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL, akapata daraja la pili. "Shikamoo Padre," binti akasalimu, kisha akakaa pembeni ya mama yake akitazama sakafu. Mama alikuwa na bahasha ya kaki mkononi na hakuiweka mezani.

"Padre," mama akaanza, "huyu mwanao ana neno lake. Anasema anataka kusoma saikolojia chuo kikuu. Mimi nilimwambia asome ualimu au uhasibu, hataki. Mkopo wa Bodi hatujui kama atapata wote, nusu, au hapati. Nina kiwanja alichotuachia marehemu baba yao. Mteja yupo, anataka jibu mwezi huu. Nikiuze?"

Ndani ya bahasha kulikuwa na ofa ya kile kiwanja.

Sisi mapadre tuna ugonjwa wa kujibu haraka. Watu wakituuliza jambo tunaona aibu kusema ngoja kwanza. Siku hiyo nilikuwa na jibu mdomoni: saikolojia ina kazi gani hapa kwetu, asome ualimu. Namshukuru Mungu simu yangu iliita. Nilipomaliza kuongea nayo, badala ya kumjibu mama nikamgeukia binti. "Mwanangu, kwa nini saikolojia?"

Alikaa kimya muda mrefu. Mama yake akataka kumjibia, nikamwomba asubiri. Ndipo binti akasema, "Kwa sababu ya kaka."

Kaka yake alikuwa chuo mwaka wa pili alipoanza kusikia sauti. Alirudi nyumbani bila mizigo. Tangu hapo amepelekwa kwenye maombi ya mikesha, ameombewa na watu wa madhehebu manne, amepelekwa kwa mganga ambaye mama hakutaka kumtaja mbele yangu, na sasa ni mwaka wa pili anakaa chumbani. Anakula akibembelezwa. Hospitali? Hapana. Walihofia watu wangesema kapelekwa Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma imetibu Watanzania wengi mno, lakini jina lake tumeligeuza tusi la mitaani.

Sasa, ndugu msomaji, najua Dominika hii wengi mnatoka Misani mkiwa na kijana nyumbani anayesubiri majibu ya udahili, na swali la yule mama ni swali lenu pia. Basi tukae chini tuhesabu, kama Bwana anavyotuambia.

Mnara huu una ghorofa ngapi? Vijana wengi wanafikiri ni moja. Shahada ya kwanza ya saikolojia ni miaka mitatu, na anayeimaliza anajua mambo mengi mazuri: jinsi mtoto anavyokua, jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi, jinsi hofu inavyoingia mwilini, jinsi ya kupima jambo kwa takwimu badala ya kubahatisha. Lakini hajawa mtu wa kumtibu mgonjwa. Anayetaka kukaa na wagonjwa hospitalini kama mwanasaikolojia tiba anahitaji shahada ya uzamili, miaka miwili mingine, na mafunzo ya vitendo chini ya wakubwa zake. Muhimbili wanafundisha fani hiyo kwa ngazi ya uzamili. Kwa hiyo mnara anaouona binti huyu kichwani una ghorofa mbili, na fedha ya kiwanja pengine isingefika hata lenta ya ile ya kwanza.

Halafu kuna kuchanganya majina. Katika jumuiya zetu kila anayeshughulika na akili tunamwita daktari wa akili. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza: miaka mitano ya udaktari, mwaka mmoja wa mazoezi kazini, kisha ubingwa. Huyo ndiye anayeandika dawa. Njia yake inapitia masomo ya sayansi, na kwa binti wa HKL mlango huo ulishafungwa alipochagua mchepuo akiwa na miaka 17. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Anasikiliza, anapima, anamfundisha mgonjwa njia za kuishi na mawazo yake. Wote wawili wanahitajiana, lakini si mtu mmoja.

Vilevile wazazi wajue kwamba katika vyuo vyetu saikolojia mara nyingi inakaa ndani ya elimu. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Idara ya Saikolojia ya Elimu iko kwenye Shule Kuu ya Elimu. Si jambo baya. Maana yake yupo kijana anayeweza kusoma elimu pamoja na saikolojia, akatoka na uwezo wa kufundisha, akaendelea na uzamili baadaye huku anakula. Mama alikuwa anasema ualimu, binti anasema saikolojia, wamenuniana miezi miwili. Kumbe kuna chumba wanachoweza kukaa wote.

Na ajira? Hapa ndipo penye kutudanganya. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2020, lilionesha kwamba kanda yake ya Afrika ina wahudumu wa afya ya akili chini ya wawili kwa kila watu 100,000, wakati kiwango cha kati cha dunia nzima ni 13. Kijana akisoma hivyo anaruka: kumbe kazi ziko tele! Hapana, mwanangu. Wagonjwa ndio wako tele. Uhitaji ni kitu kimoja, na nafasi yenye mshahara ni kitu kingine. Kijiji kinaweza kuwa na watu 500 wenye kiu na kisiwe na fedha ya kumlipa mchimba kisima mmoja. Waliosoma saikolojia wengi ninaowafahamu wako kwenye shule binafsi, kwenye miradi ya mashirika, kwenye ofisi za rasilimali watu, na wengine wanauza duka. Mradi wa shirika ukifungwa, na mshahara unafungwa. Ukiwa na mkopo wa Bodi, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Haya yote ni sehemu ya hesabu, na mzazi anayeyauliza hana imani haba. Anafanya alichosema Yesu.

Lakini nisiposema upande wa pili nitakuwa mnafiki, na upande huo unanihusu mimi.

Nilikuwa padre wa miaka mitatu, parokia ya kijijini. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu mpole, mwimbaji wa besi, alianza kuja kwangu baada ya Misa ya jioni. Alisema halali. Alisema akiamka asubuhi anaona kama amebeba gunia la mahindi kabla hajashuka kitandani. Mimi huyo, na filosofia yangu na teolojia yangu, nikamwambia aombe zaidi. Alipokuja mara ya pili nilimwambia mashaka ni mlango wa shetani. Mara ya tatu nilimpa novena ya siku tisa.

Siku chache baadaye nilikwenda nyumbani kwake kuongoza sala mbele ya jeneza. Alijiondolea uhai. Mke wake alinipa kitabu chake cha sala nikishike. Ukurasa wa ile novena ulikuwa na alama tisa za penseli. Alikuwa ameimaliza yote, siku kwa siku, kama nilivyomwagiza.

Baadhi ya wazee wa parokia waliniuliza kama anastahili Misa. Kwa sheria ya zamani ya Kanisa, ile ya 1917, swali lao lilikuwa na msingi. Sheria ya 1983 haiwataji tena watu wa namna hiyo kati ya wanaonyimwa mazishi, na Katekisimu (na. 2282-2283) inafundisha kwamba maradhi mazito ya nafsi, uchungu na hofu kubwa hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Niliadhimisha Misa. Lakini sijawahi kuisahau ile penseli.

Sikukosa kwa kumpa sala. Nilikosa kwa kumpa sala peke yake, na kwa kumfanya aamini kwamba ugonjwa wake ni dhambi. Maungamo huondoa dhambi. Sonona si dhambi. Ukiipeleka kwenye kiti cha maungamo, padre anaweza kukufariji, anaweza kukuombea, lakini hana cha kuondolea, na wewe utarudi nyumbani ukidhani Mungu amekataa kukusamehe.

Somo la kwanza la leo (Hek 9:13-18) linasema kwa namna yake kwamba mwili huu unaoharibika unailemea roho na kuibebesha mzigo akili yenye mawazo mengi. Sisi Waswahili tunajua: mtu akianza kukonda na kujitenga tunasema ana mawazo. Tumelijua hilo siku zote. Ila hatukujua la kufanya zaidi ya kusema.

Na Biblia inajua la kufanya. Eliya, nabii aliyeshusha moto mlimani Karmeli, alikaa chini ya mti jangwani akamwomba Mungu afe (1Fal 19). Malaika hakumkemea wala hakumwambia imani yake ni ndogo. Alimwacha alale, akamwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Mazungumzo ya mlimani Horebu yalikuja baadaye, alipokwisha kupumzika na kushiba. Yoshua bin Sira naye, katika sura ya 38, anamtaka mgonjwa asali, aache dhambi, na kisha ampishe tabibu afanye kazi yake, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba. Mimi nilikuwa nimesoma maandiko hayo yote. Nilifaulu mitihani yake.

Kwa hiyo Mkristo akiniambia saikolojia ni elimu ya wapagani, huwa namsikiliza kwa upole, maana hofu yake ina chanzo. Sigmund Freud mwaka 1927 alitoa kitabu akiieleza dini kuwa njozi, na wako wanafunzi wake mpaka leo. Ila Kanisa halikukaa limenuna. Padre mmoja wa Marekani, Edward Pace, alikwenda Leipzig kusoma kwa Wilhelm Wundt, yule aliyefungua maabara ya saikolojia mwaka 1879. Akapata udaktari wake mwaka 1891, akarudi kufundisha fani hiyo katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki mjini Washington. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 62, unatutaka wachungaji tutumie pia matunda ya sayansi, na unaitaja saikolojia kwa jina. Mwaka 2008 Vatikano ilitoa mwongozo kuhusu kuwatumia wanasaikolojia katika kuwapokea na kuwalea waseminari. Mimi nilipita seminari kuu kabla ya hapo, tukasoma saikolojia saa chache kwa wiki, baada ya chakula cha mchana. Mnajua wanafunzi hufanya nini baada ya chakula cha mchana.

Nirudi kwa binti yetu. Nilimuuliza swali moja ambalo nadhani kila anayetaka kusoma saikolojia aulizwe: "Kama kaka yako angepona kesho asubuhi, bado ungeitaka?"

Akaanza kulia. Mama yake akamshika bega.

Niliuliza hivyo kwa sababu wengi huingia fani hii wakitafuta dawa ya nyumbani kwao. Si vibaya, jeraha linaweza kumwita mtu, wengine waliingia seminari kwa njia hiyo hiyo. Lakini mwanasaikolojia aliyefunzwa vizuri hukatazwa kumtibu ndugu yake wa damu, kama jaji asivyoruhusiwa kusikiliza kesi ya mtoto wake. Na zaidi ya hapo, kijana anayesikia sauti anahitaji daktari na dawa, na anazihitaji sasa. Hawezi kukaa chumbani miaka mitano akingoja dada yake amalize shahada mbili. Nilimwambia mama hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Nikamwambia kiwanja kisubiri, kaka apelekwe kwanza hospitali ya rufaa ya mkoa, kliniki ya afya ya akili, na kama wanaona aibu kwenda na bodaboda nitawapeleka na gari la parokia.

Binti nikampa kazi. Aingie kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira na mahali pengine penye matangazo ya kazi, asome ya mwaka mzima uliopita, na kila anapokuta neno saikolojia kwenye sifa za mwombaji aliandike kwenye daftari. Pia nilimwambia habari za akina bibi wa Harare. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa kawaida kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha wagonjwa waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nilitaka ajue kwamba kumsaidia mtu hakungoji shahada, na pia ajue kwamba nyuma ya wale bibi kuna waliosoma, wanaowafundisha na kuwasimamia. Achague anataka kukaa upande gani wa benchi.

Wiki ya pili alirudi peke yake. Daftari lilikuwa na nusu ukurasa. Ya ualimu, alisema, hakuyaandika kwa sababu yangemaliza daftari, ingawa anajua walimu nao wako wengi mtaani wanangoja. Nikamuuliza kuhusu lile swali. "Padre, nimefikiri," akasema. "Kaka akipona bado naitaka. Ila siitaki tena kwa haraka ile." Ameomba elimu pamoja na saikolojia, na ya pili ameweka ualimu wa Kiswahili na Historia. Majibu hayajatoka ninapoandika.

Kaka yake amekwenda kliniki mara mbili. Anatumia vidonge, analala, na Jumapili iliyopita alitoka chumbani akakaa uani akamenya viazi. Daktari amewaambia wasitarajie miujiza ya wiki moja.

Mama alikuja Ijumaa, bila bahasha. Alizungumza kuhusu harambee ya kigango, kuhusu bei ya dagaa, kuhusu mvua. Alipofika mlangoni akageuka akauliza, "Padre, huyo anayesikiliza watu, anaweza kunisikiliza na mimi? Tangu baba yao afariki silali." Ni miaka sita sasa. Anapokea Komunyo kila Dominika kutoka mkononi mwangu, na sikujua.

Nilimpa namba ya mtawa mmoja aliyesomea ushauri nasaha, anayefanya kazi hospitali ya jimbo. Wamepanga kuonana Alhamisi. Mteja wa kiwanja amepiga simu tena, mama amemwambia asubiri.